Mashine Inayoamriwa Kutoka Mbali: Dereva Asibebeshwe Lawama

Ndugu wafanyakazi,

Nimekuwa dereva kwa miaka mingi katika njia za Mbarara na Isingiro, nami si mtu wa kuogopa mashine mpya. Lakini limenipata jambo ambalo nimeona si vema kulinyamazia. Leo limempata dereva. Kesho litampata mwendesha trekta, mtu wa mtambo kiwandani, na hata mchuma chai anayepimiwa majani yake kwenye mizani ya umeme.

Asubuhi moja nilikuwa natoka upande wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale nikiendesha pikapu mpya ya mwajiri wangu. Nyuma nilipakia makopo ya maziwa ya kupeleka kwenye kituo cha kupoza maziwa, Mbarara. Nilipofika Kabingo nilizima gari ili nipakie kopo moja zaidi. Nilipotaka kuliwasha, kioo kilicho katikati ya dashibodi kilikuwa na maandishi marefu ya Kiingereza, na chini yake vitufe viwili. Maandishi ya namna hiyo hutokea mara kwa mara, na hayaondoki mpaka ubonyeze. Nikabonyeza cha kwanza. Kioo kikawa cheusi, kisha ukatokea mstari mwembamba unaojaa polepole. Asilimia mbili. Asilimia tatu.

Nilibonyeza kila kitu. Nilifungua milango nikaifunga. Tanboi wangu akashauri tusukume. Tukasukuma, gari halikutikisika, kwa maana gia ilikuwa imefungwa. Watu wakakusanyika, kila mmoja na ushauri wake. Jua likapanda. Baada ya dakika hamsini hivi kioo kiliwaka na kutupa habari njema, kwamba gari sasa ni bora kuliko lilivyokuwa jana. Tulipofika kituoni, mpimaji alitia maziwa spiriti kama ilivyo kawaida yao. Makopo mawili yakaganda, yakakataliwa. Mwisho wa mwezi bei ya makopo hayo ilikatwa katika mshahara wangu, na barua ikawekwa katika faili langu. Barua ilisema mimi ni mzembe kazini.

Nauliza: uzembe huo ulikuwa wa nani?

JAMBO LENYEWE NI NINI

Tuelewe kwanza kitu tunachokizungumzia, maana asiyekielewa kitu hawezi kukidai haki. Gari la kisasa lina kompyuta ndogo ndogo nyingi, makumi kadhaa: moja ya injini, moja ya breki, moja ya mifuko ya hewa, moja ya milango, na kadhalika. Kila kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa ndani yake, nayo huitwa programu. Programu ikiwa na kosa, au ikihitaji kuongezewa maarifa, huletwa nyingine iliyosahihishwa. Huko ndiko kusasisha.

Zamani kidogo kazi hiyo ilifanyika gereji, fundi akiwa na waya na kompyuta yake. Sasa gari lina laini ya simu ndani yake, kama ile iliyo katika simu yako ya mkononi. Mtengenezaji aliye Japani, China, Ujerumani au Marekani hutuma programu mpya kwa njia ya hewa. Gari huipokea kidogo kidogo hata likiwa mwendoni, huiweka akiba, kisha husubiri lisimame ndipo iingizwe mahali pa ile ya zamani. Wakati wa kuiingiza, magari mengi hayaendeshwi. Kompyuta inayobadilishwa programu ni kama mgonjwa aliye juu ya meza ya upasuaji: huwezi kumwambia ainuke kwanza akachote maji. Betri ikiisha nguvu katikati ya kazi, kompyuta yaweza kubaki haina ya zamani wala mpya, na gari likavutwa mpaka kwa fundi mwenye kibali cha mtengenezaji. Fundi huyo kwa kawaida hayuko Kabingo, na mara nyingi hayuko hata Mbarara.

Basi kosa la siku ile halikuwa kidole changu. Nilikabidhiwa gari lenye mlango wa pili, mlango unaofunguliwa kutoka ng'ambo, na hakuna aliyeniambia kwamba upo.

TUSIKATAE KIZURI

Wako watakaosema kwamba chama cha wafanyakazi kinapinga maendeleo. La hasha. Haki tutaisema hata ikiwa upande wa mwenye mashine.

Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima breki za gari aina ya Tesla Model 3. Likitoka mwendo wa kilomita 96 kwa saa, gari lilihitaji mita 46 hivi mpaka kusimama. Kampuni ikatuma programu mpya hewani, na baada ya siku chache gari lile lile likasimama kwa mita 40 na kitu. Hakuna spana iliyogusa gurudumu. Mita hizo tano au sita ni uhai wa mtoto anayevuka barabara.

Tena, mwaka 2015 watafiti wawili wa huko huko, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingia kwa mtandao katika gari aina ya Jeep Cherokee lililokuwa barabarani, nao wamekaa nyumbani, wakaliondolea nguvu ya mwendo. Dereva alikuwa mwandishi wa habari aliyekubaliana nao, na nia ilikuwa kuonyesha hatari. Kampuni ya Fiat Chrysler ililazimika kuyaita magari 1,400,000 ili yarekebishwe, na wenye magari wakapelekewa programu mpya kwa posta, ndani ya kifaa kidogo cha kuchomeka. Tundu kama hilo likionekana leo, ni heri lizibwe kwa usiku mmoja kuliko kungojea posta, hasa kwetu sisi tunaokaa mbali na miji mikubwa.

Kwa hiyo jambo lenyewe lina faida. Lakini mlango unaopitisha dawa hupitisha na sumu. Mwezi wa Novemba 2023 kampuni ya magari ya Rivian, ya Marekani, ilituma programu ikiwa na hati ya usalama isiyo sahihi, na vioo vya baadhi ya magari vikazima. Kampuni ilikiri kwamba kosa lilikuwa lake, kosa la mtu mmoja kuchagua kitu kisicho sahihi. Hatukusikia kwamba madereva walikatwa mishahara. Je, kosa hilo lingetokea katika lori la kampuni huku kwetu, nani angeandikiwa barua?

NANI MWENYE MASHINE

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwajiri husema, "Gari ni langu, nimelinunua." Dereva husema, "Gari liko mikononi mwangu." Lakini anayeweza kulibadilisha usiku sisi tukiwa tumelala ni mtu wa tatu, ambaye hatumjui wala hatujawahi kumwona.

Mwaka 2022, wakati wa vita vya Ukraine, vyombo vya habari vilieleza kwamba matrekta na mashine za kuvunia za kampuni ya John Deere ziliibwa na askari wa Urusi katika mji wa Melitopol, zikapelekwa mbali mpaka Chechnya. Zilipofika hazikuwaka, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Watu wengi walifurahi kwamba mwizi amepatikana na aibu. Hata mimi nilicheka. Lakini mfanyakazi wa shamba afikiri zaidi ya kicheko. Mkono unaoweza kumfungia mwizi trekta waweza kumfungia na mkulima, na siku ikifungwa, kibarua hana kazi siku hiyo. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani, kwa tume yake ya biashara, iliishitaki kampuni hiyo hiyo mahakamani, ikidai kwamba inawazuia wakulima na mafundi wa kawaida wasitengeneze mashine zao wenyewe, kwa sababu programu ya kutengenezea imeshikwa na mawakala wake.

Huko Norway, mwaka 2025, shirika la usafiri wa mji wa Oslo, Ruter, lilichunguza mabasi yake ya umeme. Likaeleza kwamba katika basi la Yutong la China mtengenezaji anaweza kuingia kutoka mbali ili kusasisha programu, na kwamba kwa njia hiyo, walau kinadharia, basi lingeweza kusimamishwa. Basi la kampuni nyingine lililochunguzwa pamoja nalo halikuwa na njia hiyo. Ruter hawakuyachoma mabasi yao. Walikwenda kutazama mlango uko wapi, wakaona kwamba mawasiliano yote yanapitia laini moja ya simu inayoweza kutolewa, wakaanza kuweka masharti makali katika ununuzi. Mwenye akili hufanya hivyo.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Ni nani kati yetu asiyemjua mtu aliyechukua simu ya mkopo, siku ya malipo ikapita, simu ikajifunga yenyewe mfukoni? Ni nani asiyemjua kijana wa bodaboda aliyekopa pikipiki yenye kifaa cha kuifuatilia? Mkono ule ule sasa unapanda juu ya lori.

Wengine wanasema, "Magari yetu ni ya Japani, yamekwisha tumika, hayahusiki." Ni kweli kwamba kioo cha gari la namna hiyo mara nyingi hutusemesha Kijapani, na huduma yake ya mtandao aghalabu haifanyi kazi huku. Lakini sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 na zaidi. Maana yake ni kwamba kila mwaka unaopita magari yanayoruhusiwa kuingia ni ya karibu zaidi, na magari yaliyoundwa yakiwa na laini ya simu tumboni yako njiani kuja. Yatakuja yakiwa na shida nyingine pia, nayo ni kuachwa na mtengenezaji. Mwaka 2022 makampuni makubwa ya simu ya Marekani yalipozima mtandao wa 3G, magari mengi yaliyoutegemea yalipoteza mawasiliano. Gari lisilosasishwa tena hubaki na matundu yake ya zamani, na anayeliendesha ni dereva yule yule.

Mchuma chai wa Bushenyi au wa Kericho naye ajiulize: mizani inayopima jasho langu, programu yake imebadilishwa lini, na nani, na kwa idhini ya nani? Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba jiwe la mizani ya zamani tulikuwa tukiliona kwa macho, na programu hatuioni.

WENGINE WAMEKWISHA KUANDIKA SHERIA

Tusidanganyike kwamba tunadai makuu. Umoja wa Mataifa, kwa njia ya tume yake ya uchumi iliyoko Geneva, ulipitisha mwaka 2020 kanuni namba 156 juu ya kusasisha programu za magari, nayo ikaanza kutumika Januari 2021. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa hapana budi litimize masharti hayo. Kanuni inasema mwenye kutumia gari aambiwe kabla ya kazi kuanza: sasisho ni la nini, litabadilisha nini, litachukua muda gani, na ni vitu gani havitafanya kazi wakati huo. Inataka gari lihakikishe kwamba lina nguvu ya kutosha ya umeme. Inataka kazi ikishindikana, gari lirudi katika programu ya awali au libaki katika hali ya usalama.

Basi dereva wa Ulaya ana haki ya kuambiwa. Dereva wa Isingiro ana upungufu gani hata asiambiwe? Na kuambiwa ni kuambiwa kwa lugha unayoielewa. Katika njia ya Nakivale madereva na mafundi wanazungumza Kiswahili, Kinyankole, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali. Maandishi ya Kiingereza cha kitaalamu kwa mtu aliye na mzigo unaoharibika ni sawa na kumnyamazia.

Katika nchi yetu pia hatuko mikono mitupu. Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda au kuingia chama, na ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kama apendavyo. Sheria ya Kulinda Taarifa za Watu ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuuliza taarifa zake zilizowekwa na mwingine. Na wenzetu wa Nakivale wasiogope: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambulia mkimbizi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Dereva Mkongomani na dereva Mnyankole wakikatwa mshahara kwa kosa la mashine, wamekatwa kwa kisu kimoja.

Kwa habari yangu mwenyewe, nilikwenda kwa katibu wa tawi letu. Alikwenda ofisini akiwa na sheria ya mwaka 2006 mkononi, akauliza swali moja: ni nani aliyemfundisha dereva huyu maana ya vile vitufe viwili? Hakuna aliyejibu. Fedha zangu zikarudishwa mwezi uliofuata. Lakini barua ya uzembe ingali katika faili mpaka leo, kwa sababu tulipoomba kumbukumbu ya gari ionyeshe saa na dakika sasisho lilipoanza, tuliambiwa kumbukumbu hiyo iko kwa mtengenezaji. Ndugu zangu, gari linakumbuka kila kitu, lakini halitoi ushahidi kwa ajili ya maskini.

TUNALOLIDAI

Naomba matawi yote yanayojiandaa kujadiliana na waajiri mwaka huu yaingize mambo haya katika mapatano:

Kwanza, mwajiri anunuapo gari, trekta, mtambo au mizani inayoweza kubadilishwa kutoka mbali, awaambie wafanyakazi kwa maandishi kabla ya kuianza kazi.

Pili, pasiwe na sasisho wakati wa kazi. Lifanyike gari likiwa limeegeshwa uani, betri ikiwa na nguvu, na awepo mtu aliyepewa kazi hiyo. Gharama za mtandao ziwe za mwajiri, zisitoke katika simu ya dereva.

Tatu, muda wa kungojea mashine ijirekebishe uhesabiwe kuwa muda wa kazi na ulipwe. Anayelipwa kwa safari au kwa kilo asipoteze posho yake.

Nne, kila gari liwe na daftari: tarehe, saa, sasisho gani, nini kimebadilika. Breki, usukani au mwendo vikibadilishwa, dereva apewe nafasi ya kulijaribu gari kabla ya kupakia watu au mzigo.

Tano, ajali au hasara ikitokea, kumbukumbu za mashine zitolewe kwa mfanyakazi na kwa chama chake kama zinavyotolewa kwa mwajiri. Kabla hazijaonekana, mshahara usikatwe wala barua isiandikwe.

Sita, mafundi wetu wafundishwe kazi hii mpya na wapewe vifaa. Fundi wa Mbarara aliyetengeneza injini kwa miaka 20 asigeuzwe mtu wa kuosha gari kwa sababu programu imefungwa kwa kufuli la ng'ambo.

Mwajiri mwenye busara ataona kwamba madai haya yanamlinda na yeye. Makopo mawili ya maziwa yalimwagwa siku ile. Laiti mtu mmoja angetumia dakika kumi kunieleza jana yake, yasingemwagwa. Na mwajiri asiyetaka kuona, tutamwonyesha tukiwa pamoja, kwa maana mtu mmoja mbele ya mtengenezaji wa ng'ambo na mwajiri wa hapa ni kama kuku katikati ya ndovu wawili.

Hatusemi mashine zirudi zilikotoka. Tunasema yule anayeibadilisha mashine ndiye abebe lawama yake, na yule anayeiendesha aambiwe, afundishwe, na asikilizwe. Kuanzia leo, ndugu dereva, kioo kikikuandikia maneno usiyoyaelewa, usibonyeze. Piga simu ofisini, uliza, andika saa uliyouliza na jina la aliyekujibu. Kisha mweleze mwakilishi wako wa chama.

Umoja ni nguvu.

Wenu,
Dereva, tawi la Mbarara